Nilivyozima Maonyo Mekundu

Jumatatu, 3 Februari

Wakarima, mkubwa wetu hapa kliniki ya Mashimoni, anatafuta msimamizi wa mfumo mpya wa kuandikia dawa kwenye kompyuta. Ni mimi, daktari Austine, au ni Nafuna wa dirisha la dawa. Nafuna ana subira. Mimi nina akili. Nimegundua kinachochelewesha foleni: kila nikiandika dawa, onyo jekundu linatokea. Dozi kubwa. Dawa hizi hazipatani. Una uhakika? Ninao! Nimeingia kwenye mipangilio, nimeyazima yote. Foleni imeisha kabla ya chai.

Jumanne, 4 Februari

Balaa. Asubuhi nilimwandikia Bi Hadia wa Makina amoksilini ya kifua. Nafuna akampa, skrini yake pia ilikuwa kimya. Mchana nafungua rekodi nimwonyeshe Wakarima nilivyo mwepesi, nikaona chini ya jina la Bi Hadia: asipewe penisilini, inamdhuru. Amoksilini ni penisilini hiyohiyo. Simu yake imezimwa.

Nimekimbia hadi Makina na koti jeupe. Watu walinipisha wakidhani kuna mama anajifungua.

Nimemkuta anachambua mchele. Vidonge viko juu ya kabati, havijaguswa. Mjukuu wake Sumaya alimsomea jina la dawa, bibi akasita kuzimeza. Nilikuwa nahema hivi kwamba Bi Hadia aliniketisha, akanipa maji, ndipo akasema, "Hizi zilinivimbisha uso mwaka juzi, nikakosa pumzi. Mbona hukuniuliza?"

Nimerudi kliniki, nimempelekea dawa nyingine mwenyewe.

Jumatano, 5 Februari

Nimemwambia Wakarima yote, kabla Nafuna hajaniwahi. Nilijua nafukuzwa. Hapana. Amewasha maonyo, amempa Nafuna usimamizi, na kuanzia leo kila mgonjwa anaulizwa kwa mdomo dawa zinazomdhuru kabla hatujaandika chochote. Nafuna hakunicheka. Hilo ndilo limeniuma.

Ijumaa, 7 Februari

Foleni imefika nje hadi kwa muuza maji. Lakini leo nimemuuliza Aluoch, mama aliyekuwa kwenye foleni, kuhusu mtoto wake, akasema dawa za salfa humfanya atoke malengelenge mwili mzima. Haikuwa imeandikwa popote! Nafuna ameiingiza kwenye mfumo, akaniambia kazi nzuri. Bi Hadia naye amepita kunijulisha kwamba kifua kimefunguka. Amenisalimia mbele ya watu wote. Nimetembea kwenda nyumbani kama bwana harusi.

Jumapili, 9 Februari

Nimewaza tangu kanisani. Kuuliza ni kuzuri. Kuuliza mmoja mmoja ndiko kunakochelewesha. Kesho nitaazima kipaza sauti cha kwaya, nisimame mlangoni, niulize foleni nzima mara moja: ambaye kuna dawa inamdhuru, ainue mkono. Asiyeinua, moja kwa moja dirishani. Kabla ya chai, Wakarima atakuwa ananiomba nichukue kiti cha Nafuna.