Sauti ya Dhahabu Katika Wodi ya Watoto Njiti

Jumatatu, 3 Machi

Mafunzo yameanza. Hatimaye! Baada ya kuimba kwenye harusi miaka nenda rudi, mbele ya watu wanaotafuna, sasa nitaimbia wasikilizaji wasio na meno. Tunafundishwa kutibu kwa muziki: watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya wakati wao, wanaolazwa kwenye chumba cha uangalizi maalumu. Tukiimba inavyotakiwa, eti wanapumua vizuri zaidi, wananyonya, wanakua. Mke wangu aliposoma tangazo alisema hiyo ni kazi ya mtu mpole. Nikamwambia ndiyo maana naiomba. Akacheka mpaka akakaa chini.

Wanafunzi ni wachache. Mpinzani wa maana ni mmoja tu: mama mmoja aliyekuwa mwalimu wa chekechea, sauti yake kama mbu aliye chumba cha pili. Nimembatiza Mnong'ono. Mkufunzi amesema mwisho wa mafunzo atamchagua mmoja wetu awe msaidizi wake. Nilimwona akiniangalia sana. Mke wangu anasema alikuwa anakiangalia kinanda nilichobeba.

Kinanda chenyewe kimezuiwa mlangoni. Sista Mkuu wa wodi, mwanamke ambaye hata viatu vyake havitoi sauti, aliniuliza kama nimekuja kuwaimbia watoto au kuwafukuza. Kimewekwa stoo, kati ya ndoo na fagio. Wivu umeanza mapema.

Jumanne, 4 Machi

Leo tumefundishwa kunyamaza. Sitanii. Siku nzima! Unakaa kando ya inkubeta, lile sanduku la joto lenye kioo, unamtazama mtoto na kusikiliza anavyopumua. Mkufunzi anasema wimbo ndio unaomfuata mtoto, mtoto haufuati wimbo. Upuuzi mtupu. Tangu lini bendi ikawafuata wasikilizaji?

Kuna pia kifaa cha kupimia sauti. Kikiwaka taa nyekundu, umezidisha. Mnong'ono aliimba ubeti mzima, taa haikushtuka. Kwangu iliwaka nilipojitambulisha.

Mtoto niliyepewa kumtazama ni mdogo kuliko kiatu changu. Mirija puani, ngumi mbili zimeinuliwa usoni. Manesi wanamwita Bondia. Mama yake bado amelazwa wodi nyingine, anauguza kidonda cha upasuaji. Baba yake, dereva wa lori, anasimama mlangoni akiikunja kofia yake, haingii. Nilimuuliza Sista Mkuu kwa nini haingii. Akasema nimuulize mwenyewe. Sikumuuliza. Nilikuwa na wimbo wa kutunga.

Alhamisi, 6 Machi

Tumepewa wanasesere wenye uzito wa mtoto njiti, tukafanyie mazoezi nyumbani. Mama mkwe, ambaye yuko kwetu kwa ajili ya goti lake, amenikuta sebuleni nimefungua vifungo vya shati, mwanasesere kifuani, namwimbia nimefumba macho. Akarudi kinyumenyume. Nikamsikia jikoni akimwambia mke wangu kwamba yeye alisema tangu mwanzo.

"Mama, ni kazi yake hiyo," mke wangu akamjibu.

Mama mkwe akasema hilo ndilo linalomtisha.

Habari njema: wimbo umekamilika! Unaitwa "Inuka, Shujaa". Una beti nne na kilele cha kuinua paa. Jumatatu wanakuja wageni kukagua mafunzo. Mpango ni huu: Mnong'ono atangulie, awalaze watoto na wageni kwa pamoja. Kisha niingie mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya. Mbaya kabisa.

Mkufunzi aliniruhusu kumwimbia Bondia. Kuguna tu, alisisitiza, sauti moja ya chini, bila maneno. Nilianza vizuri, haki ya Mungu. Mapigo yalitulia kwenye skrini. Bondia akafungua jicho. Moja tu, lakini mimi huijua hadhira iliyokolea. Nikaongeza maneno. Halafu shetani akanipitia, nikapanda kwenye kilele.

Vidole vyake vikatanuka vyote. Tulifundishwa maana yake: basi, inatosha. Mimi nilidhani anashangilia. Mashine ikaanza kulia. Namba ya hewa ikashuka, ikazidi kushuka, na midomo yake ikabadilika rangi. Bondia alikuwa ameacha kupumua.

Sista Mkuu alinisogeza kwa kiwiko, akapenyeza mkono ndani ya inkubeta, akamsugua mgongo kwa vidole viwili. "Vuta, baba," alimwambia taratibu. "Vuta, vuta." Na Bondia akavuta. Nilijikuta nimeushikilia ukuta. Mlangoni dereva wa lori alikuwa ameona kila kitu.

Sista Mkuu alisema watoto hawa husahau kupumua hata pasipo mtu kuimba. Kisha akasema lakini huyu wa leo amesahaulishwa. Mkufunzi amenitoa wodini. Nitakaa koridoni na wazazi mpaka atakaponiita.

Mnong'ono aliniletea chai. Alisema jambo la kunifariji, nadhani. Sikulisikia.

Sikula chakula cha jioni. Mama mkwe alikula cha kwangu.

Jumamosi, 8 Machi

Korido. Benchi la mbao, harufu ya dawa ya kusafishia, na dereva wa lori pembeni yangu. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Mtu mwenyewe ana mabega kama kabati. Nikamwomba radhi kabla hajainuka.

Kumbe hakuwa na hasira. Alidhani kosa ni lake, kwa kusimama pale mlangoni na vumbi la safari. Akanionyesha viganja vyake. "Hii ni mikono ya kubadilisha matairi, ndugu yangu. Yule nitamshikaje? Mimi naogopa hata kukohoa."

Nilimwonea huruma, kwa dakika kama mbili. Kisha wazo likanijia!

Mkufunzi hutuambia kila siku kwamba hakuna sauti inayomfaa mtoto kama ya mzazi wake, maana ameizoea tangu tumboni. Sawa. Basi baba atamwimbia mwanawe "Inuka, Shujaa" mbele ya wageni. Watalia. Watauliza mtunzi ni nani. Nimekatazwa kuimba, kuimbisha sijakatazwa.

Nikamwambia dereva kwamba mwanawe anamhitaji, jambo ambalo hata kama nililisema kwa sababu zangu lilikuwa kweli. Machozi yalimlengalenga. Akakubali.

Tulifanya mazoezi mpaka mlinzi akaja kuuliza nani anaumwa. Dereva hana sauti. Maneno anayachanganya, na kilele anakifikia kama lori linalopanda mlima na gia imekwama. Nimemwambia anaendelea vizuri.

Jumatatu, 10 Machi

Wageni walifika wamevaa makoti meupe ya kuazima. Dereva aliomba mwenyewe aingie; Sista Mkuu akamwosha mikono mpaka viwikoni, akamkalisha kwenye kiti, akamfungua shati, akamlaza Bondia kifuani pake, ngozi kwa ngozi, na mirija yake yote. Yule bwana akaganda kama picha. Nadhani aliacha kupumua yeye sasa. Mnong'ono akachuchumaa kando yake, akawa anamgusa bega polepole, akifuata mtoto anavyopumua.

Mimi nilikuwa koridoni, nje ya kioo cha wodi, tayari kuongoza kwa mikono.

Dereva akafungua mdomo. Wimbo wote umemtoka. Akanitafuta kwa macho. Nikamtolea neno la kwanza kwa midomo, kwa ufasaha wote niliojaliwa: I-NU-KA!

Akaanza kuinuka.

Sista Mkuu alimrudisha kitini kwa jicho moja tu. Jicho la pili lilikuwa kwangu.

Hapo dereva akafumba macho, akanguruma. Ndiyo, akanguruma! Sauti moja nzito, haina mwanzo wala mwisho, wala haimo kwenye ngazi yoyote ya muziki ninayoijua. Nilijifunika uso. Kazi yangu yote!

Nilipochungulia kati ya vidole, hakuna mgeni aliyekuwa akicheka. Nesi alikuwa ameikodolea macho skrini. Namba ya hewa ilikuwa inapanda, ikafika pazuri, ikakaa. Zile ngumi za Bondia zikafunguka, mkono mmoja ukaangukia kifuani kwa baba yake, ukabaki hapo. Dereva akawa ananguruma na machozi yanamtiririka, hayafuti, anaogopa kutikisika.

Macho yangu pia yalipata maji. Kiyoyozi cha pale kina vumbi.

Baadaye alieleza kwamba hunguruma hivyo barabarani usingizi ukimnyemelea, na mkewe alisafiri naye kwenye lori mpaka tumbo likamzuia kupanda. Bondia ameusikia mngurumo ule tangu mwanzo. Mkufunzi akauliza nani alimshawishi kuingia wodini. Dereva akaninyooshea kidole, eti bila mimi angekuwa bado mlangoni.

Mkufunzi alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema sasa nimeelewa: kazi yetu si kuimba, ni kumpa mzazi nafasi. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nilikuwa nawaza jinsi ya kuupanga ule mngurumo kwa sauti nne.

Ijumaa, 28 Machi

Msaidizi ametangazwa. Mnong'ono! Mkufunzi anasema amemchagua kwa sababu anajua kusikiliza. Mimi nami husikiliza sana. Nilisikiliza nikitegemea kusikia jina langu.

Mimi nimepewa korido rasmi, niwaingize wodini wazazi wenye hofu. Mke wangu amewaambia majirani wote kwa fahari. Nimemwomba asitaje neno korido.

Ijumaa, 11 Aprili

Kesho Bondia anakwenda nyumbani! Ananyonya mwenyewe, anapumua mwenyewe, mashavu yameanza kuonekana. Mama yake amemfunga kifuani na hataki kumpa mtu, hata baba yake anapewa kwa zamu. Sista Mkuu alinipita koridoni akasema nimefanya kazi nzuri. Nilitazama nyuma kuona anaongea na nani.

Wameomba kuondoka kimyakimya, asubuhi, bila sherehe. Watu wanyenyekevu sana. Lakini shujaa kama yule hawezi kutoka kama mtu anayekwepa mwenye nyumba! Nimeshaongea na wapiga tarumbeta wanne na jamaa wa ngoma kubwa. Watajificha nyuma ya ua wa hospitali, na mlango ukifunguliwa tu, waanze. Hakuna anayejua, hata mke wangu.

Nimewaambia wapige kwa nguvu zote. Wodi ya watoto iko ghorofa ya juu, na ingekuwa uchoyo hao waliobaki wasisikie.