Bango la Historia Lililotusahau Mimi na Kiama

Kiganjo, Thika

Kwa Bwana Kilonzo, Msimamizi wa Kituo,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa mke wa mtu. Nina majuma matatu tangu niolewe, na nikiitwa "Bi. Kiama" dukani bado nageuka kutazama ni nani.

Jumamosi mimi na mume wangu tulishuka kituoni kwako, karibu na kwa wazazi wangu Ruiru, nikaona bango jipya la historia mlilotundika ukutani. Linaeleza jinsi reli ilivyobeba kahawa na mkonge, magunia yalivyopangwa, hata paa lilivyong'olewa na upepo. Halafu historia inakoma, kana kwamba baada ya paa hakuna lililotokea. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwaka jana, Jumanne ya pili ya Machi, asubuhi, nikiwa nimeketi kwenye benchi la kituo chako nikingoja treni, kijana aliyevaa sweta ya kijani aliniambia, "Dada, sogea kidogo nikae." Nikasogea. Huyo ndiye Kiama. Bango liko kimya.

2. Benchi lenyewe limechorwa alama ya chaki. Mlinzi wako, Mzee Ajwang, alinieleza, "Madam, hilo limejaa kunguni. Ijumaa linapasuliwa kuni." Kunguni hao, Bwana Kilonzo, ni mashahidi wa ndoa yetu.

3. Mizani ya kupimia kahawa mmeihifadhi ndani ya kioo. Nitajie ndoa moja iliyoletwa na mizani.

4. Siku ile treni ilichelewa saa mbili nzima. Watu walitukana, mimi nikaona mkono wa Mungu. Ingefika mapema, leo ningekuwa kwa mama nikichambua maharagwe.

Kwa hivyo naomba benchi lisiguswe, ila lipakwe rangi ya waridi. Kahawa ipunguzwe iwe mstari mmoja, majina yetu yapate nafasi. Na kila mwaka, siku hiyo, treni icheleweshwe saa mbili kwa heshima. Abiria wataelewa, wao pia wana mioyo.

Nisalimie mkata tiketi, wafagiaji wote, na Mzee Ajwang pamoja na mkewe, ambaye sijamwona lakini nampenda tayari.

Mimi niliyejaa furaha hadi shingoni,
Wangechi wa Kiama

Tanbihi: Kiama amerudi kutoka kazini. Nimemsomea barua hii nikitarajia machozi, akacheka. Kumbe asubuhi ile alikuwa akimngoja mchumba wake, Emmah, wasafiri pamoja, na Emmah hakutokea. Nikamuuliza, "Mbona hukuwahi kuniambia?" Akajibu, "Hukuniuliza, mpenzi."

Bwana Kilonzo, kahawa ibaki ilivyo. Wala benchi lisingoje Ijumaa. Kiama atakuja kesho na shoka alipasue mwenyewe, na mimi nitasimama kando nikihesabu vipande.