Nyaya za Ethi za Corolla ya Baba

Jumanne, 10 Juni 2025

Likizo. Gari limeanza tena. Baba akikanyaga mafuta, Corolla inanyamaza kidogo kama mtu aliyeulizwa swali asilolijua, halafu inaruka. Leo imenyamaza juu ya reli. Juu ya reli kabisa, nyuma yetu Fuso la mpunga likipiga honi. Baba jasho. Mimi nilijikunja chini ya kiti nisionekane.

Jioni akaja Mzee Polikarpo wa Michenga. Anatafuta injini ya kuvutia maji kwenye bustani yake ya mboga. Hakukaa. Alizunguka gari mikono mgongoni kama anayechagua mbuzi. Baba akamwambia kwamba Jumamosi tunampeleka Shangazi Margareta harusini Idete. Gari likisita njiani hata mara moja, Jumapili aje alivute.

Mimi sikuulizwa. Nyumba yetu ina vyumba viwili, watu tisa na redio isiyozimwa. Kiti cha nyuma cha Corolla ndipo ninaposomea. Mlango ukifungwa, hata mdogo wangu Agnella akilia simsikii. Kidato cha tatu chote nimekisomea humo. Gari likienda kwa Polikarpo, nitasomea wapi? Chooni?

Jumatano, 11 Juni

Ugonjwa nimeupata. Upo kwenye kitabu cha ufundi cha maktaba ya parokia, kile ambacho hakuna mwingine anayekiazima. Umeme ukitoka kwenye betri lazima urudi, na unarudi kwa waya wa ethi, unaofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Waya huo ukioza, injini inapata umeme wa kudonoadonoa. Ndiyo maana inasita.

Nikafungua boneti. Waya umeoza, wa kijani kama mlenda. Nilifurahi mpaka nikagonga kichwa.

Akatokea Evod, mtoto wa baba mkubwa. Anaosha bodaboda stendi lakini anaziongelea kama ndiye aliyezitengeneza. Akasema ni plagi. Nikamweleza habari ya ethi. Akawaita wenzake: "Oyaa, njooni msikie. Profesa anasema umeme umekosa nauli ya kurudi." Mmoja alicheka mpaka akakaa chini.

Niliwajibu kwa hoja nzito sana. Ila kimoyomoyo.

Alhamisi, 12 Juni

Kutafuta waya. Fundi Seni, mchomeleaji, ana vipande vya kebo nene ya shaba. Nilisimama mlangoni kwake hadi nikamwamkia mara mbili kwa kukosa la kusema. Akasema atanipa kipande kama nitamlindia karakana aende msibani mara moja. Nikakubali. Akaja mama mmoja, mteja, akiuliza kama mageti ya pale yanadumu. Nilimweleza jinsi kutu inavyokula chuma, hatua kwa hatua, bila kuficha kitu. Akaondoka bila geti. Seni aliporudi akanipa kebo ndefu kuliko niliyoomba, na kuniomba nisirudi.

Mchana, kazi. Kitabu kinasema: sugua chuma mpaka king'ae, ndipo ufunge waya, chuma kwa chuma. Nikasugua. Kikang'aa vizuri mno, nikakionea huruma. Hapo ndipo likaja wazo langu mwenyewe. Katika bonde hili chuma hakiachwi uchi. Masika moja tu, kimekwisha. Kila nyumba ina kopo la rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Majembe yanapakwa, mageti yanapakwa, Mama amepaka hadi bawaba za banda la bata. Mwandishi wa kitabu ni wazi hajawahi kuona mafuriko ya Kilombero.

Basi nikapaka kila kiungo, chini ya nati na juu ya nati. Mikono miwili, wa pili juu ya wa kwanza. Nikafunga. Waya wa zamani nikautupa shimoni.

Ijumaa, 13 Juni

Baba kawasha. Tik. Kawasha tena. Tik, halafu moshi. Kebo ya mafuta, ile inayotoka kwenye pedeli, ilikuwa inaanza kuungua. Mama akamwagia injini maji aliyooshea mchele. Baba akafunga boneti taratibu. Bora angeibamiza.

Nimefikiri kwa kina. Umeme umekosa njia ya kurudi, ukapita kwenye kebo ya mafuta. Kwa hiyo njia ni chache. Nikaongeza nyaya mbili kwa shaba iliyobaki. Na kwa kuwa kosa halirudiwi, rangi nimepaka mikono mitatu.

Tik.

Shangazi Margareta amefika na sanduku lake la vitenge. Ameuliza kama nimesomea ufundi. Baba akamjibu kwamba hapana, nimesomea ndani ya gari. Polikarpo naye kapita na kamba. Anasema anaipima tu urefu.

Nimekaa kiti cha nyuma, pengine kwa mara ya mwisho. Nimesoma ukurasa mmoja. Sijui ulihusu nini.

Jumamosi, 14 Juni

Alfajiri nimemfuma Evod chini ya boneti na spana, anafungua nyaya zangu akauze shaba. Nilitaka kupiga kelele. Nikakohoa. Bahati nzuri Baba alitoka na taulo kiunoni, akamwamuru azirudishe zote palepale, huku akimsimamia. Evod kwa hasira akazikaza kama anayekamua nguo. Spana ikikwaruza, nati zikilia, rangi yangu ikipukutika mpaka chuma kikaonekana cheupe. Mikono mitatu ya rangi. Nilimwambia anaharibu. Akaniambia, "Tulia wewe, Profesa."

Baba akawasha. Ikaitika papo hapo. Akakanyaga mafuta, ikavuta bila kusita. Tukavuka reli Shangazi akiimba. Tukafika Idete kabla ya bibi harusi.

Evod ameshamwambia kila mtu harusini kwamba ni yeye. Watu hawajui. Ukweli ni kwamba rangi ilikuwa haijakauka. Ilihitaji usiku mmoja tu.

Ijumaa, 20 Juni

Gari limepona kupita kiasi. Baba sasa anabeba abiria wa Idete kutwa. Kiti changu kinakaliwa na watu wanne, kuku, na jana tenga la kambale. Likirudi ni giza, na harufu hairuhusu hesabu.

Lakini nimepata mpango. Mzee Polikarpo alinunua Mark II ya mtu mwingine, akatoa injini. Bodi iko nyuma ya nyumba yake, viti vizima, vioo vinapanda, kimya kabisa. Leo nimekwenda. Nikamwamkia, nikamwomba nisomee humo. Akasema karibu, mjukuu wangu, ila kwanza nimtazamie injini aliyoifunga kwenye pampu. Inasita, na amesikia nyumbani kwetu kuna mtu anayejua mambo ya ethi.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nimefungua nyaya zote, nimesugua, nimepaka mikono mitano. Nimemwomba asiiguse wiki nzima ili rangi ikauke vizuri.

Mboga zitasubiri.