Haji Aliyeitwa Mama

Leo mji wa Koboko umeniona uchi, na nilikuwa nimevaa tai.

Mimi ndiye niliyetengeneza mfumo wa kuwatumia wazazi ujumbe wa shule kwenye simu. Shule mbili zinautumia: moja hapa Arua, nyingine Koboko. Ya Arua ina toleo jipya. Ya Koboko imebaki na la zamani, kwa sababu kompyuta yao ni mzee wa kuheshimiwa. Kwa hiyo natunza matawi mawili, yaani nakala mbili za kazi ileile, kila toleo na tawi lake. Ukirekebisha kosa kwenye tawi moja, jingine halina habari mpaka ulipelekee mwenyewe.

(Najua hilo. Huwa nawafundisha watu hilo!)

Wiki iliyopita wazazi wa Arua walilalamika kwamba mfumo unawaita akina baba "Mama". Nikarekebisha. Nikajipongeza kwa chapati mbili na mayai. Koboko? Nikasahau kabisa.

Leo asubuhi nikapanda gari kwenda Koboko, kwenye mkutano wa wazazi. Mwalimu mkuu, Madamu Driciru, alitaka waamue: waendelee na mimi, au warudi kwenye barua za karatasi. Nikasimama, kifua mbele.

"Lile kosa la baba kuitwa mama limekwisha. Madamu, tuma tangazo moja kwa mwenyekiti, tuone."

Madamu akabonyeza. Simu ya Haji Juma, mwenyekiti wa wazazi, ikalia. Akavaa miwani. Akasoma. Akashika ndevu zake.

"Mwalimu ya kompyuta," akasema, "mimi iko na ndevu mpaka hapa. Simu naniita Mama Haji Juma?"

Ukumbi ukapasuka!

"Dakika tano tu, Haji."

Nikafungua laptopu. Kilichotakiwa ni kuchukua rekebisho lile moja tu na kulipeleka kwenye tawi la Koboko. Lakini macho yote yale! Nikaharakisha, nikaunganisha tawi zima la Arua na la Koboko. Na kwenye tawi la Arua, jana tu, nilikuwa nimeanza kazi nyingine ambayo sijaimaliza, na mahali pa tangazo nilikuwa nimeweka ujumbe wangu wa majaribio. (Ulikuwa wa macho yangu peke yangu. Wa kujichekesha.)

"Tayari! Sasa tuma kwa wote."

Simu zikalia ukumbi mzima. Haji akasoma kwa sauti, neno kwa neno:

"'Baba Haji Juma. Hili ni jaribio. Madamu Driciru anaongea kama jenereta, na hakuna anayejua swichi iko wapi.'"

Akainua kichwa, uso umechanua. "Sasa iko sawa! Imeniita baba."

Mimi nilikuwa natafuta dirisha la kutokea. Madamu akafunga daftari lake polepole.

"Kijana, kaa hapa mbele. Mbele kabisa. Leo swichi imepotea."

Akaongea. Akaongea juu ya heshima, juu ya malezi, juu ya vijana wanaojua kompyuta wasijue kufunga mdomo. Wazazi walicheka hadi wengine wakafuta machozi. Mwishowe uamuzi ukatoka: wataendelea na mimi, ila kila ujumbe nitamsomea Madamu kwanza, kwa sauti, nikiwa nimesimama.

Wenzangu wa kompyuta, mkijaribu mfumo andikeni "habari". Sijasikia bado mtu aliyeaibishwa na neno hilo.