Gurudumu Lililoizidi Saa

Jumatatu, tarehe 4 Agosti 2025. Kitale.

Bibi Nasike wa Tongaren, mjane, ameingia dukani mwangu na saa ya marehemu mumewe. Saa ya kujazwa kwa mkono, si hizi za betri. Nilisimama ili nimvulie kofia. Nikagundua sikuwa nimevaa kofia.

Nikaifungua saa mbele yake. Mafuta yamekauka yakawa kama gundi. Nikatoa mashini ya ndani, nikaosha magurudumu kwa petroli safi, nikayatazama moja moja kwa lenzi. Fundi mwangalifu hulitikisa kila gurudumu kwa kibano, kwani likichezacheza kwenye tundu lake ni ishara kwamba ekseli imelika. Moja lilionekana kucheza. Wakati uo huo Bibi Nasike akawa anaeleza jinsi tumbili walivyomaliza mahindi yake, akacheka, nami nikasahau nilikuwa nikilitikisa lipi.

Ameondoka na saa inayokwenda vizuri. Nimejidhulumu! Saa niliyoihudumia mimi hairudi kwa miaka. Wala mwenyewe harudi.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti.

Nimetafakari. Shuleni kwa wamishonari tulifunzwa kwamba mwanamume hamwendei mwanamke asiye wa nyumbani kwake pasipo sababu. Nilikuwa na sababu moja tu, nami kwa ujinga wangu nimeitengeneza ikapona.

Nimempigia simu. Nimemwomba radhi kwa kumpigia, kisha radhi kwa kumchelewesha kwa radhi ya kwanza. Nikamwambia kwa masikitiko makubwa kwamba nina shaka na gurudumu moja. Atakuja Jumatatu.

Marehemu Nanyama, mke wangu, niwie radhi. Ungalikuwapo nisingalihitaji hila hizi.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti.

Ushindi, ila umechafuliwa.

Hapa kwetu mteja hasadiki kuwa umebadilisha spea mpaka umkabidhi ile ya zamani mkononi. Ni desturi njema, imewaumbua mafundi wengi wezi. Leo imenitesa mimi, mtu mwaminifu. Sikuwa nimebadilisha chochote. Ikanibidi nichague kitu katika mkebe wangu wa spea zilizokufa. Magurudumu madogo asingeyaona, kwani miwani yake aliisahau Tongaren. Kwa heshima ya macho yake nikachagua gurudumu kubwa, meno yamelika yote upande mmoja.

Alilishika kwa muda mrefu. Akasema, "Maskini. Kumbe hii ndiyo ilikuwa inasumbua mzee wangu." Akalitia mkobani polepole. Niliona haya kidogo. Haya ilinitoka chai ilipofika kutoka hotelini, kwa sababu alikaa mpaka ikapoa, akaagiza nyingine.

Ndipo Wahome akajiingiza. Kijana huyu huuza saa za betri na vifuniko vya simu kwenye veranda ya duka langu, bila ruhusa yangu wala salamu iliyo kamili. Akamwambia Bibi Nasike kwamba mashini ya zamani ni ya kutupwa. Atamwekea ya betri katika nafasi ile ile na hatasumbuka tena kuja Kitale. Hatasumbuka tena! Nani alimwambia kwamba kuja Kitale ni usumbufu?

Nilimwita pembeni nikamwambia hana adabu. Kisha nikamwomba radhi kwa kumwambia hivyo. Akajibu, "Tulia mzee, hii ni biashara tu." Sijatulia hadi sasa.

Jumamosi, tarehe 16 Agosti.

Bibi Nasike amenipigia simu kutoka Kanduyi, kwa sauti nisiyoijua.

Kulikuwa na harambee ya kanisa. Yeye aliteuliwa mtunza muda, kazi anayopewa mtu anayeheshimiwa na asiyeogopa kumketisha mheshimiwa. Mwanasiasa mmoja akapewa dakika kumi. Kila alipouliza kama zimekwisha, Bibi Nasike aliitazama saa, na saa ikasema bado. Wali ukapoa. Mchungaji akasinzia mbele ya waumini. Watoto wakaenda nyumbani na wakarudi. Hatimaye mama mmoja wa kwaya akainuka akamwonyesha kwamba mkono wa saa ulikuwa umekufa tangu salamu.

Sasa inasemekana kwamba alihongwa na mwanasiasa yule! Mwanamke huyu, ambaye huhesabu sadaka tangu mchungaji aliyepita!

Nimeudhika mno, na ninayemlaumu ni saa. Sikuitia kasoro yoyote. Nilisema tu kwamba ni mbovu. Haikuwa na ruhusa ya kuwa mbovu.

Jumatatu, tarehe 18 Agosti.

Siku ya fedheha.

Amekuja, akapita mlango wangu, akasimama mbele ya Wahome. Akatoa saa. Akatoa gurudumu langu. Akauliza kama hilo lilitoka humo. Wahome, ambaye hajawahi kufungua mashini yoyote isiyo na betri, aliliweka tu juu ya kioo cha saa. Likakifunika chote, na meno yaliyobaki yakaning'inia nje.

"Mzee," akaniita kwa sauti ya sokoni, "hii ni ya saa ya kengele. Ama hii ya mama ilikuwa na mimba?"

Veranda nzima ikacheka, hata muuza ndizi ambaye mimi humnunulia kila asubuhi. Bibi Nasike hakucheka. Alisema, "Makokha, hii ulitoa wapi?" Hakusema Mzee. Nikamjibu kwamba yawezekana palitokea mkanganyiko wa vifaa. Akasema, "Mimi nililala na hicho kitu chini ya mto."

Akaiweka saa mezani pangu. Niitengeneze, ila yeye hatarudi. Atamtuma mtu.

Wahome hana haya. Kumvunjia mtu mzima heshima kwa kipimo cha macho tu!

Jumanne, tarehe 19 Agosti.

Nimeifungua na kulitikisa kila gurudumu, hakuna anayecheka karibu. La pili lacheza kama jino la mtoto. Ncha ya ekseli imelika mpaka imefanya kiuno, na tundu lake limekuwa na umbo la yai.

Yaani nilikuwa na sababu halali tangu mwanzo! Ningaliweza kumwita kwa haki mara mbili, pengine tatu, kwa kuwa spea ya namna hii ni shida kupatikana. Badala yake nilitumia sababu ya uongo huku ya kweli imelala ndani. Naona saa ilipaswa kunifahamisha mapema.

Nimepata gurudumu jingine zima katika saa iliyokufa ya aina hiyo hiyo, na tundu nimelibana na kulirudisha duara. Nitaipeleka mwenyewe.

Jumapili, tarehe 24 Agosti.

Nimekwenda Tongaren kwa suti, baada ya ibada. Bibi Nasike alinipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani. Nikampa saa, kisha nikampa lile gurudumu lake lililolika, spea ndogo kuliko punje ya mahindi. Alivaa miwani. Akaipima juu ya saa, mbele yangu, kama polisi.

"Hii ndiyo ya mzee wangu?"

Nikasema ndiyo. Nikaongeza kwamba ile nyingine ilitokana na kukosa kwangu sababu ya kumwita. Nilieleza kwa urefu, nikaomba radhi kwa urefu.

"Kwa hivyo ulitaka tu kuongea," akasema.

Nilikiri kwamba kwa namna fulani, ndiyo.

"Si ungesema tu, bana. Ingia. Na ukuje kila Jumapili ukunywe chai, mradi usinidanganye tena. Mimi pia nyumba hii imenyamaza sana."

Kila Jumapili! Pasipo sababu yoyote! Nilishukuru kwa adabu, lakini moyoni nimeudhika. Mtu wa heshima atabishaje mlango wa mjane, mikono mitupu, aseme amekuja kukaa? Majirani watasema nini? Bibi Nasike ni mwema, ila mambo haya hakuyafikiria. Imenibidi niyafikirie mimi kwa niaba yake.

Alipokwenda jikoni kuongeza chai niliona saa ya ukutani, ya betri, naomba radhi kwa kuitaja. Ilikuwa inakwenda barabara. Nilipanda kiti.

Betri ninayo mfukoni ninapoandika haya. Kufikia Jumanne atakuwa amenipigia simu.