Springi za Kinoti na Vichupa vya Modogashe

Jumatatu, 7 Machi 1966

Zimefika! Shokamzoba mbili za gari langu kutoka Nairobi, zimefungwa kwa karatasi ya mafuta. Si zile za kawaida. Kila moja ina kifundo cha kuzungusha chenye namba, moja mpaka nane. Moja laini, nane ngumu. Nimezizungusha mezani asubuhi nzima. Tik, tik, tik. Barua za ofisi ya mifugo zimengoja.

Zimefika siku yenyewe. Mueni, muuguzi wa zahanati, ametangaza kwamba gari la zahanati limekufa, na Jumanne ijayo lazima apeleke vichupa vya chanjo ya ndui Modogashe pamoja na msafara wa askari. Lori hataki kulisikia. Safari iliyopita lori lilimvunjia nusu ya vichupa. Anataka gari dogo lisilorusha mzigo.

Magari madogo mjini ni mawili, langu na la Muriuki wa posta. Aina moja, rangi moja, hata honi zinalia sawa. Muriuki alijitolea mbele yangu. Nikajitolea kwa sauti kubwa zaidi. Mueni akasema hachagui kwa sauti. Jumapili kila mmoja atabeba kreti ya chupa ishirini za maji mpaka mtoni na kurudi. Atakayevunja chache ndiye atakayekwenda.

Njia ya Modogashe ina mabomu yaliyofukiwa na shifta. Nimelifikiria hilo kidogo, nikaacha.

Mimi si mtu wa mashindano. Lakini Muriuki lazima ashindwe.

Jumanne, 8 Machi

Kwa fundi Korane, nyuma ya soko. Gereji yake ni mabati manne na kivuli. Kabla ya vita alikuwa dereva wa malori mpaka Wajir. Siku hizi anahitaji kibali kutoka nje ya mji, na kila akiomba huambiwa arudi wiki ijayo. Kwa hiyo anatengeneza magari ya wanaoondoka.

Nilimwekea shokamzoba zangu mbele. Nilitarajia apige mluzi. Alizungusha kifundo mara moja, akaziweka chini kama mtu anayerudisha kitunguu sokoni.

“Karani, hii inatuliza tu,” akasema; kinywani mwake p hutoka b. “Sibringi ndio inabeba gari. Chagua sibringi kwanza, bimia na mzigo. Hii utazungusha mwisho, kidogo tu.”

Akanikalisha ndani ya gari pamoja na gunia la mchanga, akapima kwa uzi kutoka kwenye bodi mpaka ardhini. Akasema springi zangu za nyuma zimechoka, zimelala. Atanitafutia nyingine zinazolingana.

Nikamwambia sina muda wa kutafutiwa. Nimeona trela bovu karibu na uwanja wa ndege. Springi zake nene kama kidole gumba changu! Shokamzoba bora, springi nene. Nani atanishinda?

Jumatano, 9 Machi

Springi za trela zimeingia. Gari limeinua matako kama ngamia anayeamka. Nikiwa kwenye usukani natazama moja kwa moja mchangani.

Nikaweka namba moja, nikaenda sokoni. Gari lilirukaruka, likaendelea kurukaruka hata baada ya kusimama. Nikaweka namba nane. Sasa kila kijiwe kinaingilia kiunoni na kutokea menoni. Mbele ya kibanda cha Muslimo, muuza chai, nilijigonga dari mara tatu. Muslimo akauliza kama gari limeona nyoka.

Muriuki alikuwapo anakunywa chai. Akauliza kama nitahitaji ngazi ya kushukia. Sikumjibu. Nilikuwa nimejiuma ulimi.

Alhamisi, 10 Machi

Nimepata jibu nikinyoa ndevu. Springi ikiwa ngumu, kosa lake ni chuma kingi. Punguza chuma, utapunguza ugumu. Hesabu ya darasa la nne.

Korane akasema hapana, ukikata mizunguko springi inazidi kuwa kali. Nikamuuliza alisomea wapi. Akasema chini ya malori.

Nikakata mwenyewe. Mizunguko miwili kila upande, msumeno wa chuma, saa tatu nzima, malengelenge sita. Gari likashuka vizuri sana. Nikapanga mayai kumi na mawili kwenye kiti cha nyuma ili kujaribu.

Gari limekuwa gumu kuliko jana. Sielewi. Limepona yai moja tu, nililokuwa bado sijaliweka.

Ijumaa, 11 Machi

Ajabu. Baada ya swala ya mchana Korane alikuja ofisini mwenyewe, gunia begani. Ndani mna springi mbili za gari kama langu, safi, zimepakwa grisi. Amezitunza mwaka mzima, akingoja mtu wa kuzistahili. Nikadhani ametambua kwamba mtu huyo ni mimi.

Sivyo. Dada yake Rukiyo yuko Modogashe na watoto wanne. Hakuna hata mmoja aliyechanjwa. Hajawaona tangu njia iwe ya msafara na vibali, na mdogo kabisa hajamwona hata siku moja. Amesikia lori lilivyovunja vichupa. Hataki visikie tena barabara mbaya.

Akazifunga. Akanikalisha tena na gunia la mchanga, akapima kwa uzi. Gari limekaa sawasawa, halijainuka wala halijalala. Akaanza na namba moja, tukazunguka soko. Akapandisha mpaka mbili. Akapandisha mpaka tatu, akatabasamu.

“Tatu,” akasema. “Usiguse.”

Nikaweka beseni la maji kwenye kiti cha nyuma, nikaenda mpaka mtoni na kurudi. Halikumwaga tone. Nilikaribia kumkumbatia Korane.

Jumapili, 13 Machi

Nitaandika kwa ufupi.

Wakati wa mahubiri wazo lilinijia. Kifundo kina namba nane. Ukitumia tatu tu, tano zinafanya kazi gani? Pili, Mueni atakaa kushoto, na kreti nyuma yake. Basi upande wa kushoto uwe moja, kwa heshima ya mwanamke. Upande wa kulia, nilipo mimi, uwe nane. Mimi ni mwanamume, nitavumilia. Nikazungusha kabla ya kutoka uwanjani kwa kanisa.

Watu walikuwa wengi. Mueni amesimama na daftari. Muriuki alitangulia na gari lake la springi zilizolala, akavunja nne. Nikamsikitikia.

Zamu yangu. Tuta la kwanza, kushoto kukazama na kuyumba, kulia kukapiga teke. Kreti ikaruka upande wangu. Tuta la pili ikarudi. Nilipofika mtoni, maji yalikuwa yameshafika viatuni mwangu.

Tisa! Mueni akaandika bila kuinua macho.

Korane alikuwa amekuja kutazama. Akainama nyuma ya gari, akasoma namba upande mmoja, akaenda akasoma upande wa pili. Nilitamani anifokee. Hakufoka.

“Karani, nilisema tatu,” akasema. Halafu, polepole: “Rukiyo ana watoto wanne.”

Nikainama kuokota vipande vya chupa.

Mueni akafunga daftari. Akauliza kama magari yetu kweli ni aina moja. Muriuki akasema ni mapacha.

“Basi springi na shokamzoba za Bwana Kinoti ziingie kwenye gari la Bwana Muriuki,” akasema. “Naye Korane azipange mwenyewe.”

Watu wote wakanitazama. Nikasema ndilo wazo nililokuwa karibu kulitoa. Hakuna aliyeniamini, lakini walinyamaza, na hiyo ni adabu.

Korane alimaliza kabla ya jua kuzama. Tatu kushoto, tatu kulia, na waya juu ya vifundo ili mtu asiguse. Nilimpa spana mwenyewe, kila aliyoitaka.

Jumanne, 15 Machi

Msafara umeondoka. Lori la askari mbele, lori la askari nyuma, Muriuki katikati. Mueni ameishika kreti kama mtoto. Korane alimpa bahasha ya kumpelekea Rukiyo, kisha akaenda kusimama mbali na kizuizi cha askari, asije akaulizwa kibali.

Muriuki aliangusha ufunguo mara mbili kabla ya kuwasha gari. Nikafurahi. Nilipoona naye ameona kwamba nimeona, furaha ikaisha. Nikampungia mkono. Akanipungia.

Jumatano, 16 Machi

Habari sokoni: gari limekanyaga bomu. Hakuna anayejua ni njia ipi.

Nikashindwa kuandika barua. Nikaenda kukaa kwa Korane. Alikuwa anafungua kabureta. Akaifunga. Akaifungua tena. Muslimo alituletea chai bila kuagizwa, akakaa nasi juu ya gurudumu. Nikawaza, laiti ningeacha tatu, ningekuwa mimi njiani. Sikujua kama nisikitike au nishukuru, na nikaona haya.

Ijumaa, 18 Machi

Wamerudi!

Bomu lilikuwa njia nyingine, na katika gari lililokanyaga hakuna aliyekufa. Vichupa vyote vimefika vizima. Vyote! Watoto wa Rukiyo wamechanjwa, na yule mdogo amemuuma Mueni kidole. Mueni alituonyesha alama. Korane akashika kile kidole akacheka, akacheka sana, kisha akaenda nyuma ya mabati yake na kukawia huko. Tukamngoja, hatukumwita.

Muriuki amesema gari lilikwenda kama limewekwa juu ya mto wa pamba. Amesema mbele ya watu kwamba ni springi zangu. Nimekosa la kumchukia kwa muda wa saa nzima.

Mueni alinipa mkono. Nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba mambo yamekwenda kama nilivyopanga.

Jumamosi, 19 Machi

Korane amenirudishia springi na shokamzoba, amezifunga kwenye gari langu, tatu na tatu, na waya. Gari ni tamu.

Leo mama Hawo, jirani, amesema anamwoza binti yake na kuna kabati la vioo la kupeleka kwa bwana harusi kesho. Nimejitolea kabla Muriuki hajasikia. Korane akasema niende polepole tu, kila kitu kiko tayari, nisifanye chochote.

Nimekaa nikatafakari kwa makini mambo ya majuma haya mawili, kama mtu mzima anavyopaswa. Nimeona kosa langu waziwazi. Namba hazikuwa na hatia hata kidogo. Ni upepo wa magurudumu! Ya mbele nitajaza mpaka yalie kama ngoma, ya nyuma nitatoa nusu. Pampu nimeshaazima.

Korane sijamwambia. Kesho nataka ashangae.