Saa Saba ya Mashine

“Jirani, mkate wote huo uliolala, unampelekea nani?” Fundi cherehani aliuliza swali hilo kwa sauti ya kuamsha mtaa, na Mtaalamu, aliyekuwa akipita na kompyuta yake kwapani, akasimama kama aliyeitwa kwa jina.

Mtaalamu alikuwa na suti moja na maneno elfu. Akaingia dukani kwa Mama Tanuri, akasalimu kwa adabu zote, jicho likiwa kwenye pikipiki ya marehemu mume wake, iliyofunikwa gunia.

“Mama yangu, tatizo lako ni data.”

“Tatizo langu ni mkate, baba. Ukiendelea kubaki hivi, mwisho wa mwezi nazima tanuri alilojenga mume wangu kwa mikono yake.”

Mtaalamu akainamisha kichwa kwa huzuni ya muda mfupi. Kisha akaomba karatasi za mashine ya risiti, akabofya-bofya, akageuza kioo. Palikuwa na nguzo za rangi, moja ndefu kupita zote.

“Saba! Wateja wako wanafurika saa saba mchana. Oka mkate wa saa saba.”

“Saa saba watu si wako kazini?”

“Mama, unabishana na data?”

Wakaandikiana. Saa saba mchana wa Jumatano ikiuzwa mikate mia, pikipiki ni ya Mtaalamu. Isipouzwa, kompyuta, iliyoachwa pale dukani kama rehani, inabaki kwa mama.

“Kamari sichezi,” alisema mama. “Hii ni kazi, na Mungu anaona.”

Mtaalamu naye hakuwa mtu wa kuiachia data kila kitu. Aliwakodi jamaa zake kumi waje wanunue mikate kumi kumi.

Jioni ile Mama Tanuri alivaa miwani, akasoma zile risiti moja moja. Maziwa, 7:05. Maziwa, 7:10. Sukari na maziwa, 7:20. Akacheka peke yake. Mashine ilihesabu saa za Kizungu! Saba yake ilikuwa saa moja asubuhi, watu wakiwahi kazini, na mkate wake ulikuwa ukitoka tanurini saa tatu.

Jumatano, baada ya sala ya alfajiri, akawasha moto. Saa moja mkate ulikuwa mezani, bado unafuka. Saa mbili rafu zilikuwa tupu, na fundi cherehani alikosa.

Saa saba kamili Mtaalamu akaingia na jamaa zake.

“Mama, foleni hiyo! Leta mikate mia.”

“Mkate umeisha, mwanangu.”

“Umeisha? Basi nimeshinda!”

“Soma mwandiko wako. Uuzwe saa saba mchana. Sasa ni saa saba, na sina hata kipande.” Akamwekea risiti mkononi. “Data umeisoma vizuri. Saa ndiyo imekushinda.”

“Kaka, na malipo yetu ya kupanga foleni?” akauliza mmoja wa wale jamaa, na duka zima likageuka kumtazama.

Mtaalamu akaitazama kompyuta yake. Ilikuwa tayari kando ya mizani, imefunikwa kitambaa, na unga kidogo juu yake. Akafunga kifungo cha suti, akatoka.